Negativu na slaidi za kale: namna ya kuzihamishia kwenye kompyuta kwa gharama nafuu, ukiwa Unguja au Pemba

Kila baada ya sikukuu maswali huwa yaleyale. Mtu kaenda kumtazama bibi yake Makunduchi au Wete, sanduku limefunguliwa kutolewa kanga, na chini ya kanga likaibuka bati la biskuti limejaa negativu, vile vipande vya mkanda wa picha ambavyo giza na mwanga vimegeuzwa. Siku ya pili ananiuliza: ninunue mashine gani? Simu yangu haitoshi? Niende studio? Nimeyajibu haya kwa ujumbe wa sauti mara nyingi mno, kwa hiyo leo nayaandika yote pamoja.

Jibu la mwanzo ni hili: usinunue kitu mpaka uhesabu ulichonacho. Gawa bei ya mashine kwa idadi ya picha zako. Mashine ya shilingi laki nane kwa picha 80 ni shilingi elfu kumi kila picha. Kwa picha 2,000 ni shilingi mia nne tu. Wengi wanaoniuliza mashine gani wanunue hawahitaji mashine. Wanahitaji kuazima kamera kwa wikiendi mbili.

MWAGA BATI, UHESABU

Tandaza shuka safi nyeupe, zima feni, toa kila kitu na ugawe mafungu.

Negativu za milimita 35 ndizo nyingi majumbani: mkanda wenye matundu kila upande, picha moja ni milimita 24 kwa 36. Za rangi zina rangi ya chungwa mkanda mzima, za nyeusi na nyeupe zina ukijivu. Negativu pana, za mkanda namba 120, hazina matundu na upana wake ni kama sentimita 6. Hizi ni za studio na za zile kamera za boksi. Slaidi zina fremu ya karatasi au plastiki ya sentimita 5 kwa 5, na ukiielekeza kwenye mwanga unaona picha kwa rangi zake. Picha za karatasi ziweke kando kabisa, hizo skana yoyote ya ofisini inazimudu.

Kisha tenga fungu la wagonjwa: zilizogandana, zenye ukungu, zinazonuka siki. Na ukikuta mkanda wa kabla ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, tazama ukingoni kama umeandikwa SAFETY. Usipoona neno hilo, upo uwezekano ni filamu ya naitreti, ambayo inashika moto kwa urahisi mno na haizimiki ikishaanza. Usiiweke karibu na jiko wala taa ya joto, usiifungie kabatini pamoja na nguo, na uulize ushauri kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani, kabla ya kufanya jambo lolote.

Bahasha usizitupe. Ikiwa ina muhuri wa studio, tuseme Capital Art Studio ya barabara ya Kenyatta iliyofunguliwa mwaka 1930, au ina namba tu kwa penseli, hiyo ndiyo tarehe na anwani ya picha yako. Nimeona watu wamebaki na picha safi kabisa za watu wasiojulikana, kwa sababu bahasha iliyokuwa na majina ilionekana ni uchafu.

NJIA ZILIZOPO, NA NINAVYOZIPIMA

Simu juu ya kibao cha mwanga. Ni bure au karibu na bure. Inafaa kujua kilichomo, kuchagua, na kumtumia shangazi aliyeko Muscat aseme nani ni nani. Kwa picha ya kuweka miaka hamsini, haifai: lenzi ya simu inapinda pembeni, na simu inajichagulia mwanga yenyewe, picha moja hivi, ya pili vile. Lakini fahamu hila hii: katika mipangilio ya ufikivu washa kigeuza rangi, kisha fungua kamera na uielekeze kwenye negativu iliyo mbele ya mwanga. Utaona nyuso papo hapo kama picha iliyokwishasafishwa. Mimi hupitia bati zima hivyo kabla ya kugusa kitu kingine.

Kiboksi kidogo cha kugeuza filamu, kile chenye kioo chake na nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Kinauzwa kwa maneno mazuri, na ndicho watu hukimbilia. Kwa maoni yangu ni pesa iliyopotea kwa yeyote anayezijali picha zake. Ndani mna kamera ndogo kama ya simu ya bei ya chini, kinakata kingo za picha, na kinakupa JPEG tu iliyokwishaamuliwa mwanga na rangi. Sehemu iliyochomwa nyeupe, kwa mfano kanzu juani, hairudi tena.

Skana ya mezani yenye taa kwenye kifuniko, kama Epson Perfection V600. Hapa lazima ujue ukweli wa namba. Kwenye boksi imeandikwa nukta 6,400 kwa inchi, lakini inachokiona hasa ni kiasi cha 1,600. Kwa negativu ya milimita 35 hiyo ni kama megapikseli 3 na nusu, kidogo. Kwa negativu pana ya sentimita 6 kwa 6, nukta hizohizo 1,600 zinakupa kama megapikseli 12, na hapo picha inatosha kuchapwa na kutundikwa ukutani. Kwa hiyo mwenye fungu la negativu pana na picha za karatasi, skana hii inamfaa. Mwenye mikanda ya milimita 35 peke yake, asiichukue. Tena ni ya polepole: ukiwasha kifuta vumbi, dakika mbili mpaka tatu kwa picha moja.

Skana ya mkanda tu, kama Plustek OpticFilm 8100. Inaona vizuri zaidi, lakini ni milimita 35 peke yake, unasukuma kifremu kwa mkono picha baada ya picha, na bei yake ni mamia ya dola kabla ya usafiri na ushuru. Ni ya kununua kwa ukoo mzima au kwa skuli, mkachangishana kama upatu, kila nyumba ikashika zamu yake, na mwisho ikauzwa.

Kamera juu ya kibao cha mwanga. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa nyumba nyingi. Kamera yoyote ya kubadilisha lenzi, hata ya miaka kumi nyuma, yenye megapikseli 24, inakupa nukta zaidi ya 4,000 kwa inchi ukijaza picha yote ndani ya fremu. Na kamera zipo: wapiga picha za harusi mjini wanazo, na siku za Jumatatu mpaka Jumatano nyingi zimelala kabatini. Azima au kodi kwa siku mbili, mwenyewe awepo ukitaka.

Kumpa fundi afanye. Sina neno nayo, ila uliza kabla: utanipa faili za ukubwa gani, za aina gani, na mkanda utaukata? Niliwahi kupeleka mikanda sehemu moja, nikarudishiwa fleshi yenye vipicha vidogo visivyofaa kuchapwa hata ukubwa wa kiganja, na mikanda yenyewe imekatwa picha mojamoja ili iingie kwenye kifremu chao. Picha iliyokatwa peke yake haina pa kushikwa, inajikunja kama gome la mdalasini, na mpangilio wa ile siku umepotea. Mpe mkanda mmoja kwanza, wa picha zisizo na uzito, uone kazi.

VITU VYA KUWA NAVYO

- Kamera, betri mbili, na lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu. Huna makro? Lenzi ya kawaida ya milimita 50 pamoja na ringi za kurefushia, zile zinazokaa kati ya kamera na lenzi na hazina kioo ndani, inatosha. Kwa kamera za sensa ndogo, ambazo ndizo nyingi, ringi za jumla ya kama milimita 30 zinakupa ukubwa unaotakiwa.
- Stendi inayoweza kuielekeza kamera chini.
- Kibao cha mwanga cha LED, kile cha kuchorea. Chukua kinachotumia waya wa USB, ili umeme ukikatika uendelee kwa pawabenki.
- Manila nyeusi, wembe, rula, gundi ya karatasi.
- Kioo kidogo cha kujitazamia.
- Mpira wa kupulizia hewa. Duka la dawa wana ule wa kunyonyea kamasi za watoto wachanga. Mpya na mkavu unafaa. Upulize hewani mara kadhaa kwanza, baadhi huja na unga ndani.
- Brashi laini mpya ambayo haijawahi kugusa poda wala rangi.
- Glavu nyembamba za pamba. Vidole vyetu vina jasho na mafuta ya nazi, na alama ya kidole juu ya utando wa picha haitoki.
- Bahasha mpya za karatasi, penseli, diski ya nje.

Spiriti ya duka la dawa iache dukani. Ina maji ndani, na nyingine ina rangi.

KAZI YENYEWE

1. Chagua msimu, saa na sakafu. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, acha. Utando wa picha umetengenezwa kwa jelatini, unavuta maji na kulainika. Miezi mizuri ni ya kaskazi kavu, Januari na Februari, au kipupwe cha Juni hadi Septemba. Usianze alfajiri, unyevu ndio uko juu. Anza saa nne asubuhi. Na kama nyumba yako ni ya Mji Mkongwe, shuka chini. Sakafu za juu zimelazwa juu ya boriti, mtu akipita ukumbini kamera inatikisika hata kama wewe huhisi. Nilitupa kazi ya mchana mzima ghorofa ya pili kabla sijatambua kwamba kila picha isiyo kali ililingana na mtoto aliyekuwa akipanda ngazi.

2. Kata dirisha. Kwenye manila nyeusi kata tundu la milimita 26 kwa 38, kubwa kidogo kuliko picha. Kubwa kidogo kwa makusudi: unataka uone kingo za mkanda, utazihitaji hatua ya 9. Gundisha vijiti viwili vya manila sambamba, mkanda upite katikati kama droo kwenye reli. Kwa slaidi kata tundu la kuikalisha fremu yake tu.

3. Inua mkanda juu ya taa. Usiulaze moja kwa moja kwenye kibao cha mwanga. Inua dirisha lako sentimita 3 hadi 5 kwa vipande vya mbao au maboksi ya viberiti, la sivyo kamera itaona vumbi na vinukta vya kibao chenyewe. Sehemu yote ya kibao isiyotumika ifunike kwa manila nyeusi.

4. Sawazisha kamera kwa kioo. Weka kioo kidogo pale utakapokaa mkanda, kikiwa kimelala sawasawa. Tazama kwenye skrini ya kamera. Ukiona lenzi yako ikijitazama yenyewe, duara lake katikati kabisa ya picha, kamera na mkanda viko sambamba. Ikiwa duara limekwenda pembeni, rekebisha stendi kidogo kidogo. Ni kazi ya dakika tano, na ndiyo inayotofautisha picha iliyo kali kona zote nne na ile iliyo kali upande mmoja tu.

5. Panga kamera. Kila kitu kwa mkono, hakuna otomatiki. ISO 100, tundu la lenzi f/8, faili za RAW (faili ghafi, kamera haijaziamulia mwanga wala rangi), kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaacha mwanga uingie, anza na sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde, kisha panda au shuka kwa kutazama histogramu, ule mchoro wa vilima wenye giza kushoto na mwanga kulia: isigonge ukuta wa kulia. Ukishaipata kwa mkanda mmoja, usiibadilishe mpaka mkanda uishe.

6. Zima taa za chumba, funga madirisha. Mwanga unaotoka juu unaakisi kwenye mkanda na kufifisha weusi. Vaa nguo ya rangi nyeusi. Kanzu nyeupe inajitokeza kwenye picha, nimeiona.

7. Futa vumbi. Shika mkanda kwa kingo, uusimamishe wima, puliza hewa kwa mpira pande zote mbili, kisha pitisha brashi mara moja, upande mmoja kwenda mwingine. Usipulize kwa mdomo. Mate yakidondoka yanaacha doa kwenye utando. Usisugue kwa kanga wala tishu, hata iwe laini vipi.

8. Piga. Upande unaong'aa ndio mgongo, upande mfifu ndio wenye picha. Ukielekeza upande mfifu kwa kamera unapata ukali zaidi kidogo, lakini lazima ukumbuke kugeuza kushoto na kulia baadaye. Wanaoanza nawaambia waweke upande unaong'aa juu: maandishi ya kingoni yanasomeka sawasawa, na hakuna cha kukumbuka. Vuta skrini ya kamera mpaka mwisho na ufokasi kwenye chembechembe za filamu, si kwenye uso wa mtu. Uso wenyewe huenda ulipigwa bila ukali mwaka 1968, chembechembe haziongopi. Rudia kufokasi kila mkanda mpya. Ukizoea, picha 36 ni kama nusu saa pamoja na kufuta vumbi. Kila mkanda ukimaliza, uingie bahasha yake mpya kabla ya kutoa mwingine, na bahasha iandikwe namba kwa penseli kabla mkanda haujaingia ndani.

9. Geuza negativu kwenye kompyuta. Programu ya darktable ni bure na ina zana inayoitwa negadoctor kwa kazi hii. Fungua picha moja, zima zana ya mwanga inayoitwa filmic rgb au sigmoid ikiwa imewashwa, washa negadoctor, kisha kwa kichaguzi cha rangi chora mraba mdogo kwenye ukingo mtupu wa mkanda, ule uliouacha uonekane hatua ya 2. Programu ikishajua rangi ya mkanda mtupu, inaiondoa, na ile rangi ya chungwa inapotea. Rekebisha weusi na weupe, halafu nakili mipangilio hiyo kwa picha zote za mkanda huo. Slaidi hazihitaji kugeuzwa, ni kurekebisha mwanga tu.

10. Toa faili na uzipe majina. Kwa kila picha weka mbili: TIFF (faili kubwa isiyopoteza ubora) au RAW ya kuhifadhi, na JPEG ya kutazama na kutuma. Jina lianze na namba, si maelezo: B02-M05-14, yaani bati la pili, mkanda wa tano, picha ya kumi na nne. Maelezo yanabadilika kila mzee mwingine akitazama, namba inabaki. RAW ya megapikseli 24 ni kama megabaiti 30, hivyo picha 600 ni gigabaiti 18. Fleshi moja inabeba, lakini usiamini fleshi moja. Nakala moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na moja kwa ndugu wa kisiwa cha pili au Dar es Salaam. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na vyuma.

11. Kaa na wazee, mapema. Kwangu mimi hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na ndiyo watu huiahirisha mpaka wakati unapita. Usimpe bibi simu. Skrini ndogo inamchosha na anaona haya kusema haoni. Chapa picha ishirini kwenye karatasi kubwa, kila moja na namba yake, mwekee barazani, weka simu kando ikirekodi sauti, na unyamaze. Usiulize "huyu nani?" mfululizo kama mtihani. Muulize siku hiyo kulikuwa na nini. Bibi mmoja wa Mkoani alikuwa hajamtambua mtu hata mmoja katika picha ya harusi, mpaka alipoliona sinia ukingoni mwa picha, akasema sinia lile lilikuwa la mamake na liliazimwa nyumba ya jirani. Kutoka kwenye sinia akapata nyumba, kutoka kwenye nyumba akapata bi harusi, na kabla ya laasiri tulikuwa na majina kumi na moja.

Na jambo la sitara. Ndani ya mikanda hii mna wanawake waliopigwa ndani ya nyumba zao, bila buibui, kwenye harusi ambazo mwanamume hakuingia. Walikubali kupigwa kwa sababu walijua picha itakaa kwenye sanduku. Usizimwage kwenye kundi la ukoo lenye watu mia na hamsini. Muulize mwenyewe akiwa hai, au binti yake, na akikataa, faili ikae kwenye folda yake peke yake. Wakati wa kutuma zile zilizoruhusiwa kwa WhatsApp, zitume kama hati, si kama picha. Ukizituma kama picha zinabanwa na kazi yako yote inabaki robo.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Michirizi ya giza na mwanga kwenye kila picha. Ni taa ya LED inayowaka na kuzimika haraka. Punguza kasi ya shata mpaka sehemu moja ya nane ya sekunde, na upandishe mwanga wa kibao mpaka mwisho.

Vinukta vya mraba kama wavu. Unatumia skrini ya tableti kama taa, au mkanda uko karibu mno na kibao. Inua zaidi.

Picha ni ya buluu tupu baada ya kugeuza. Umeigeuza bila kuondoa rangi ya chungwa. Rudi hatua ya 9, chagua ukingo mtupu, si sehemu ya picha.

Katikati pakali, kona zimefifia. Ama mkanda umejikunja, ama lenzi iko f/2.8. Funga tundu mpaka f/8. Mkanda uliojikunja uweke ndani ya bahasha ya karatasi chini ya vitabu vizito kwa wiki moja. Usiunyooshe kwa pasi, na usiubane kati ya vioo viwili vya dirisha. Utapata miviringo ya rangi kama mafuta juu ya maji.

Slaidi zimekuwa nyekundu au zambarau. Rangi nyingine zimefifia kwa joto na miaka. Kompyuta inarudisha sehemu, si yote. Kodachrome huwa zimedumu kuliko nyingine zikihifadhiwa gizani. Ukiona jina hilo kwenye fremu, anza na slaidi nyingine, hizo za Kodachrome zinaweza kusubiri. Ila kama unatumia skana yenye kifuta vumbi cha infraredi, kizime kwa Kodachrome, na kizime kabisa kwa negativu za nyeusi na nyeupe: kinaiona fedha iliyomo kwenye negativu hizo kama vumbi na kuila picha.

Ukungu, yale matawi meupe kama mizizi. Hapa nisikilize. Miaka ya nyuma nilikuta negativu ya dada yake bibi, amekaa kwenye kiti cha mkeka, ukungu umemfikia begani. Nikachukua pamba, nikailowesha kidogo tu, nikafuta. Uso ulitoka wote ukabaki kwenye pamba, doa la kijivu. Kuvu ilikuwa imeshaila jelatini na kuifanya iyeyuke kwa maji. Nilichokuwa nafuta si ukungu, ni picha yenyewe. Hakukuwa na nyingine. Kwa hiyo: kausha kwanza ndani ya kopo lenye vifuko vya silika, vile vya kuvuta unyevu, kwa siku kadhaa, vaa barakoa, pitisha brashi kavu nje ya nyumba, basi. Kinachobaki kipige picha kama kilivyo, alama utazifuta kwenye kompyuta. Usitumie mchele mbichi badala ya silika. Unaacha unga unaonata.

Mikanda imegandana. Usivute. Piga picha kile kinachoonekana, iweke kavu, na utafute mtu wa maabara ya filamu.

Harufu ya siki. Filamu ya asetati imeanza kuoza, na mvuke wake unaambukiza mikanda ya jirani. Itenge leo hii, isiwe kwenye bati lililofungwa, na iwe ya kwanza kupigwa, kabla ya hata picha uzipendazo. Haitarudi kuwa nzima.

Baada ya kumaliza, zirudishe wapi? Si kwenye bati lilelile, wala sanduku la nguo lenye vidonge vya nafthalini na linalofukizwa udi kila Ijumaa; moshi unatua juu ya slaidi kama ngozi ya njano. Bahasha za karatasi, ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, vifuko vya silika ndani, chumba cha katikati ya nyumba mbali na ukuta unaopigwa na mvua. Silika badilisha au ikaushe kabla ya masika na kabla ya vuli. Usizitupe kwa kuwa sasa una faili: kamera za miaka ishirini ijayo zitaona zaidi ya hii uliyoazima.

Na swali la watu wa Pemba: nikizileta Unguja kwa ndege, ile mashine ya kukagua mizigo haitaziunguza? Haitaziunguza. Mionzi ile inadhuru filamu ambayo haijasafishwa. Iliyokwishasafishwa haina shida. Ukija kwa boti, zibebe mkononi ndani ya plastiki iliyofungwa, zisiende na mizigo ya sitaha, na ukae nazo upande usiorukiwa na maji.